Muziki Juu ya Daniella

Laurence, jirani wa Kanyere wa ukuta mmoja, alisema amemuona Daniella ndani ya filme. Alisema akiapa. Eti kule Himbi, kwenye ofisi anakofanya usafi, wakubwa walikuwa wanaangalia filme ya Goma inavyosimama tena baada ya volkano, yeye akachungulia mlangoni, na mtoto huyo hapo! Mkubwa sasa, bidoni ya maji kichwani. Akamgeukia akacheka.

"Akakuchekea weye?" Kanyere aliuliza.

"Miye mwenyewe! Mungu apofushe haya macho kama ninadanganya."

Kanyere alimjua Laurence: manyunyu kwake ni gharika. Lakini alivaa kitenge cha kanisa, akatoka Majengo kwa miguu mpaka ofisi hiyo ya Himbi. Tangu asubuhi ile ya volkano, mji mzima ulipokimbilia Sake, yeye godoro kichwani, mwanawe Daniella wa miaka mitatu ameshika kitenge chake kwa nyuma, kisha kitenge kikawa chepesi, hakuna redio wala parokia ambayo hakuulizia.

Théogène, kijana aliyekata na kuunga picha za filme, alimpokea vizuri, akafungua ordinateri, kioo kikawaka, filme ikaanza.

Fundi anapanga mawe meusi, ukuta unapanda, muziki unapiga kama wa harusi. Nyuma yake msichana na bidoni. Hamchekei mtu. Anatembea, anasimama ghafla, anageuka, anajibu kitu, anaenda.

"Rudisha."

Paji la uso ni lile. Labda. Miaka hula sura ya mtoto. Kanyere alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mulimukuta wapi?"

"Njia ya Sake. Lakini mama, vita ilifika pale, batu bote bakahama. Hata ule fundi, simu yake haipiti tena."

"Na jina yake?"

"Hatukumuuliza. Tulikuwa tunakamata picha ya ukuta."

Ukuta.

"Rudisha tena, papa."

Msichana akageuka, na hapo Kanyere akaelewa: kuna mtu nje ya picha aliyemwita. Na Daniella alikuwa analijua jina lake vizuri, alilitamka hata kwa kuku. Aliyemuokota lazima alimuuliza, akamwita hivyo hivyo.

"Iyi muziki ilikuwa inapiga pale pale?"

"Hapana, tuliiweka siye, humu ndani. Pale kulikuwa makelele: nyundo, batu banaitana. Filme ya kusimama tena inaomba furaha, mama."

"Na yale makelele iko wapi?"

Kijana alijikuna shingo. "Picha tunazichunga, zote ziko. Sauti… sijui. Mashine ikijaa, mukubwa anafutaka."

Kanyere alipiga magoti, kitenge cha kanisa sakafuni.

"Tafuta, papa. Nakuomba. Toa muziki. Nisikie tu banamuita nani."

Théogène alitazama mlango, kisha kioo. Mle ndani msichana alikuwa amesimamishwa katikati, shingo imegeuka, mdomo wazi, anajibu.