Mama Kapata Mwana Mwingine

Macho ya mama yalipoingia ukungu, na akili nayo ikaanza kupotea njia, aliyebaki kumlisha ni binti yake wa mwisho, Kitindamimba. Alikuwa na mtindo wake. Anaonja kijiko kwanza, anagonga ulimi, kisha anasema, "Tamu hiyo! Fungua mlango." Mama anacheka, anafungua mdomo. Bila hivyo hali kitu, hata umlilie.

Siku moja afisa wa takwimu alipita mtaani, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Namtunza mama."

"Hiyo si kazi, dada. Nauliza kazi."

Neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akatafuta kazi, akaipata: kumlisha mzee wa watu, ng'ambo ya mji. Akamwachia jirani mama yake amlishe, kwa ujira, na mtindo akamfundisha wote. "Gonga ulimi, shoga. Usipogonga, utakula mwenyewe."

Afisa aliporudi, meno yote nje. "Nyumba hii haikuwa na kazi hata moja, leo zimezaliwa mbili! Uchumi unakua, jamani."

"Na bibi je?" jirani akamchokoza. "Mbona yeye anasinyaa?"

"Hilo hatulipimi, mama."

Kitindamimba akawa anatoka mama kalala, anarudi mama kalala. Mzee wa watu akanenepa mashavu.

Ikaja siku ya mapumziko. Akapika uji kwa mkono wake, akaketi kitandani, akaonja, akagonga ulimi. "Tamu hiyo! Fungua mlango."

Mama akabana midomo. Akampapasa shavu, akashuka kidevuni, kisha akauondoa mkono taratibu, kama aliyegusa kitu cha wenyewe.

"Mwanangu yuko wapi leo?"

"Ni mimi, mama. Kitindamimba wako."

"Acha utani, binti. Mwanangu ndiye anayenilisha kila siku. Nisimjue?"

Akambembeleza, akaimba, akalia. Wapi! Uji ukaanza kupoa. Ikabidi aende kumgongea jirani, aje hivyo hivyo na kanga yake ya kulalia.

Jirani akaonja, akagonga ulimi. Mama akacheka, akafungua mdomo, akala mpaka akashiba. Jirani hakuthubutu kuinua macho.

"Mwanangu," mama akasema, akimshika jirani mkono, "mpe na huyu mgeni uji. Nimesikia analia. Labda hana mama."