Mnyororo Chini ya Kitanda

Mashua ya baba ilining'inia kwenye kreni, maji yakichuruzika tumboni mwake, nami nikisubiri mizani itulie. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma, kama mgonjwa anayesubiri majibu.

"Pima vizuri," alisema. "Isije ikasemwa nimebebwa na binti yangu."

Kazi yangu ilikuwa hiyo, kupima mashua za mashindano ya baharini. Kwa kuwa hazilingani, kila moja hupewa namba kutokana na uzito, urefu na ukubwa wa matanga yake. Ikishafika, muda wake huzidishwa kwa namba hiyo. Mashua nzito ni goigoi, hivyo hupewa namba ndogo ya kuipunguzia muda, na inaweza kufika ya nne ikatangazwa mshindi. Ndiyo maana hupimwa tupu: kitu kilichosahaulika ndani huipa nafuu isiyo yake. Kwa watu wengine wote nilifunua mbao za vitanda vya kulalia mle ndani nione kilichobaki chini. Kwa baba sikufunua. Niliona haya.

Mwezi uliofuata akashinda kwa sekunde arobaini, baada ya miaka ishirini na sita ya kushindwa na kutaniwa. Mama alilia. Kikombe kikawekwa juu ya friji, ili hata anayefuata maji ya kunywa asikikwepe.

Jumapili niliingia bandani kwake kutafuta koleo, nikakuta mnyororo wa nanga umejiviringisha sakafuni, umeshika kutu.

"Baba, huu umetoka wapi?"

"Chini ya kitanda cha mashua. Niliusahau humo miaka. Nikautoa wiki ile ya mashindano, mzigo wa bure tu..."

Basi siku niliyopima ulikuwemo. Tuliubeba wote wawili hadi kwenye mizani: kilo themanini na mbili. Nikakaa mezani jikoni kupiga hesabu upya, yeye akiitazama kalamu yangu. Namba ilipanda kwa tatu tu katika elfu. Kwa mwendo wa saa kumi, hizo ni karibu dakika mbili.

"Zile arobaini zinabaki?" aliuliza.

"Hazibaki, baba." Niliweka kalamu chini. "Kosa ni langu. Sikufunua mbao."

"Na mnyororo ni wangu." Alitazama juu ya friji. "Waandikie waandaaji barua yako. Kikombe nitakirudisha mwenyewe."

Alikirudisha kimefungwa kwenye taulo. Miezi ile tulisalimiana vizuri, tukaulizana afya, basi. Niliumia, na nilijua naye anaumia.

Mwaka uliofuata, siku ya kupima, nilimkuta ametandaza turubai kando ya kreni na kupanga juu yake kila kilichokuwa ndani: nanga, sufuria, makoti ya mvua, hadi vijiko. Mbao za vitanda alikuwa amezifunua mwenyewe. Hata hivyo niliingia na tochi, nikapiga magoti, nikamulika kona moja baada ya nyingine, na safari hii sikuharakisha.

Nilipotoka, baba alikuwa amevua miwani yake na kuilaza juu ya turubai, kando ya vijiko.

"Hiyo nayo huwa naisahau humo ndani," alisema. "Haya, pima."