Aliyenishikia Ndege

Usukani ulikuwa umegoma, na shemeji alikuwa ameukumbatia kwa mikono miwili kama mtu anayemvuta ng'ombe mkaidi. Akilegeza kidogo tu, pua ya ndege inainama. Akivuta kwa nguvu zote, inanyooka. Ilikuwa imetoka matengenezoni katika karakana nyingine, nasi tulikuwa tukiijaribu, yeye rubani, mimi fundi. Ndiyo maana kila mmoja alikuwa na mwavuli wa kurukia mgongoni.

Asubuhi, tukiivaa miavuli hiyo, alinitania kama kawaida yetu: kwa tumbo langu lile, nikianguka, ni ardhi itakayoomba radhi. Nikamjibu kwamba yeye dada yangu anamlisha bure. Ndivyo tulivyoishi, maneno mengi, ugomvi hakuna.

Sasa hakutania. Aliniambia nifungue mlango, nitoke kichwa mbele, niinamie chini, na nisivute kamba kabla mkia wa ndege haujanipita. Nikamuuliza yeye atatokaje. Alikuwa hana hata mkono mmoja wa kufungulia mkanda.

"Tangulia, shemeji," alisema. "Nakuja."

Tulijua sote wawili kwamba ni uongo. Nikatangulia.

Mwavuli ulifunguka kwa kishindo, nikainua macho. Ndege ilikuwa bado imenyooka, yaani bado ameishika, ananisubiri nifike mbali. Nikapiga kelele: ruka, ruka bwana! Nani angesikia huko? Halafu pua ikainama. Niliutafuta mwavuli wa pili angani mpaka moshi ulipopanda kutoka ardhini.

Mazishini kila mtu alisema ametutangulia. Nilitamani kuwafunga midomo. Aliyetangulia ni mimi. Walinipa pole na hongera kwa mkupuo mmoja, eti siku zangu zilikuwa hazijafika, eti nimshukuru Mungu. Nashukuru. Waliochunguza ajali wakasema chuma kilichoka, basi, yakaisha. Kwao yaliisha. Mimi sijalala usingizi wa kushiba tangu hapo, wala sitarajii. La kuvunda halina ubani.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ya siku ile ile ya ajali, nilikataa kupelekwa hospitali mpaka nipite kwa dada. Niliona heri alisikie kwangu kuliko kwa mtu baki. Nilimkuta uani akianua nguo, shati la kazi la mumewe mkononi. Kila siku tulikuwa tukirudi pamoja, kwa hiyo alichungulia kwanza nyuma yangu.

"Mmeachana wapi?" aliuliza.

Dada akanitazama usoni, kisha akaanza kulikunja lile shati, mkono huu, mkono ule, akalikunja tena na tena mpaka likawa dogo kabisa. Hakuuliza tena, si siku ile wala baadaye.