Domina Amgomea Bwana Migomo

Kwa miaka miwili Domina alikuwa akimhudumia Mzee Solomon huko Greenbelt, Marekani: dawa asubuhi, chai saa nne, kumtembeza hadi ziwani na kumrudisha kabla hajaanza kubishana na mabata. Mzee alikuwa mwandishi wa habari mstaafu, na rafu nzima ya sebuleni ilijaa vitabu vyake mwenyewe. Vitatu vilihusu migomo ya wafanyakazi wa Marekani, wachimba makaa ya mawe, washona nguo na makuli wa bandarini. Viwili vilihusu marais na jinsi walivyohangaika kuzipata kura za watu hao hao. Sasa alikuwa anamalizia cha sita, kilichounganisha migomo na siasa, na kwa kuwa mikono ilimtetemeka, yeye alisema na Domina akapiga taipu. Chuo cha uhazili cha Tabora hakikumfundisha bure.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi hiyo mdogo wake, Elieth, alikuwa anaolewa kule Springfield. Mama yao alikuwa Bukoba, amenyimwa viza, kwa hiyo Domina ndiye aliyetakiwa kumshika bibi harusi mkono na kumkabidhi. Asipofika yeye, nani amkabidhi? Mwenye ukumbi?

"Jumamosi haiwezekani," mzee alisema siku ya Jumatano. "Mchapishaji anataka sura ya mwisho Jumatatu."

"Mzee, ni harusi ya mdogo wangu."

"Msalimie."

Domina akaenda kuosha vikombe. Lakini mtu aliyepiga taipu kurasa mia tatu za migomo hawezi kusema hajui pa kuanzia. Sura ya nne ya kitabu hicho kipya ilieleza yote: dai moja, bango linalosomeka kwa mbali, na usirudi kazini kabla hujajibiwa.

Alhamisi asubuhi akampa mzee dawa zake, maana dawa hazigomewi, kisha akatoka na kusimama kwenye nyasi mbele ya nyumba, mkononi kipande cha boksi alichokiandika: JUMAMOSI NAENDA HARUSINI. Shoga yake Akinyi, muuguzi msaidizi kutoka Kisumu, alikuja kumuunga mkono akiwa bado na sare ya zamu.

Mzee akatokea mlangoni na fremu yake ya kutembelea.

"Shikamoo, mzee," alisema Domina. Kugoma hakumfanyi mtu akose adabu.

"Marahaba. Nini hicho?"

"Mgomo."

Domina alijiandaa kwa hasira. Badala yake uso wa mzee ukang'aa kama wa mtoto aliyeona keki. "Bango liko chini mno," alisema. "Liinue. Na msisimame, mzunguke. Wagomaji wakisimama wanaonekana kama wanasubiri basi."

Wakazunguka. Mzee akaketi kwenye kiti cha barazani, akawa anawasahihisha. Ikafika saa nne. Domina akamtazama: jua linampiga, kofia hana, chai hajanywa. Akavumilia dakika tano. Ya sita ikamshinda. Kwao mtu mzima hakai mkavu hivyo saa nne na wewe upo. Akaweka bango chini, akaingia jikoni, akarudi na kikombe cha chai ya maziwa na tangawizi.

"Wee Domina, unado nini?" Akinyi akauliza. "Si tuko kwa strike?"

"Chai tu, dada."

"Chai ndiyo kazi yako. Sasa umegoma nini, kupumzika?"

Mzee akakisukuma kikombe. "Sinywi. Chai hii imepikwa na msaliti wa mgomo."

"Mgomo wenyewe ni wangu, mzee."

"Ndiyo maana inauma."

"Itapoa."

"Ipoe."

Domina alihisi machozi yakimkaribia. Chai imekataliwa, Jumamosi imekataliwa. "Basi nijibu, ili unywe."

"Mimi? Mimi niko upande wenu." Mzee akainuka, akaingia kwenye mzunguko na fremu yake, tak, tak, tak.

Akinyi akasimama. "Na bosi ni nani?"

"Yuko ndani. Mtu mgumu sana. Ngojeni nikaongee naye."

Akaingia. Wakamsikia akibishana na nafsi yake, sauti mbili, zote kali. Akatoka akitikisa kichwa. "Amekataa. Anasema kuna sura ya mwisho."

"Hiyo sura inahusu nini?" Akinyi akauliza.

"Wanasiasa wanaowasahau wafanyakazi wakishapata wanachotaka."

Akinyi akakohoa kidogo. Mzee akaangalia viatu vyake, kisha akageuka akaingia tena. Safari hii hakukuwa na ubishi. Wakasikia simu.

"Halo. Sura haitafika Jumatatu. Tuna mgomo hapa... Nimejaribu, bwana. Wamejipanga hawa."

Akatoka. "Bosi amesalimu amri. Jumamosi ni yako. Na Jumapili."

"Sikuomba Jumapili, mzee. Jumapili ningekuja tumalizie sura."

"Usithubutu. Nimekudaia mimi. Ulidai kidogo mno."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua chai, baridi vile vile, akainywa yote.

Jumamosi Akinyi ndiye aliyebaki na mzee, baada ya saa nzima ya kujadili masharti ya kazi, mzee akimnong'oneza cha kudai. Na kule Springfield, Domina alimshika Elieth mkono, akamkabidhi kwa mumewe, akalia mpaka mpiga picha akamwomba apunguze kidogo.