Jiwe la Badru

Mwalimu Leodegar alikuwa na ugonjwa wa mawe. Wenzake pale sekondari, Kibaha, walikuwa na ugonjwa wa mpira au wa siasa. Yeye akiona jiwe lenye mistari, hana habari tena na binadamu. Atalisugua kwa mswaki, atalilowesha maji ili rangi zijitokeze, kisha ataliinamia na kamera yake yenye lenzi ya vitu vidogo mpaka pua ikaribie kuligusa. Wanafunzi wake wa jiografia walimwita Mzee Visukuku, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mwezi wa kumi na moja, mwalimu mwenzake Mwinjuma alimkaribisha kwao Chole, kule Kisarawe, wakaokote korosho. Wenyeji walipopumzika, Leodegar akajipenyeza kichakani nyuma ya shamba. Huko akaliona jiwe jeupe, ukubwa wa mkate, limesimama wima ardhini. Ubavuni mwake kilikuwamo kisukuku cha konokono wa kale aliyegeuka jiwe, amejizungusha vizuri, kila mkunjo unahesabika. Jamaa akapiga magoti palepale.

Lakini mawe hayajisimamishi yenyewe. Hatua chache kando yake yalikuwepo mengine, yamepangwa, na mtu aliyekaa Pwani miaka kumi na miwili hahitaji kuambiwa kwamba hayo ni makaburi. Alijua. Tusimtetee. Alijiambia ni ya zamani, hayana mwenyewe, akaling'oa jiwe, akalifunga ndani ya shati na kwenda nalo hadi chumbani kwake Pangani, ile ya Kibaha, alipige picha kwenye mwanga wa dirishani. Alikusudia kulirudisha wiki ileile, lakini wiki zikapita.

Ikaingia Shaabani, watu wakaanza kufyeka makaburi ya ndugu zao kabla ya mfungo. Jumatatu moja Mwinjuma aliingia ofisi ya walimu akiwa mnyonge.

"Mama jana kashinda analia," alisema. "Jiwe la marehemu kaka yangu Badru halionekani. Alikufa kwa surua, ana miaka miwili tu. Pale pembeni wamezikwa watoto watatu, mwenye jiwe alikuwa yeye tu, na udongo ushakuwa sawa wote. Mama alikuwa anamjua mwanawe kwa lile jiwe. Lina konokono."

Leodegar alijifanya anasahihisha madaftari. Wakati wa mapumziko alijifungia maabara akafungua picha zake, akitafuta hata moja inayoonyesha jiwe lilikuwa limesimama wapi. Zilikuwa mia mbili na kumi. Konokono, konokono, mkunjo wa konokono, chembe za mchanga kwenye mkunjo wa konokono. Hata zile alizopiga kulekule kichakani alikuwa amesogea mno; hapakuwa na mti wala kisiki, wala udongo wa kutosha kujaza kijiko.

Saa ya kutoka alimfuata Mwinjuma. "Ninalo mimi," alisema.

"Utakwenda kumwambia Mama mwenyewe," alisema Mwinjuma, akawasha pikipiki yake. Leodegar aliona afadhali angemtukana.

Jumamosi wakaenda Chole. Leodegar alimwamkia Bi Mwanajuma, mama yake Mwinjuma, shikamoo, akaeleza yote akiangalia vidole vya miguu yake, akampa jiwe. Mama alipitisha kidole kwenye konokono.

"Ndilo," alisema. "Baba yake alilichagua kwa ajili ya huyu mdudu. Haya, twende ukanionyeshe ulipolitoa."

Kichaka kilikuwa kimefyekwa chote. Miti midogo aliyoikumbuka haikuwepo, wala tundu la jiwe halikuonekana, umebaki uwanja mweupe tu. Ukweli ulikuwa mfupi: sikumbuki, mama. Aliufikisha mpaka kwenye ulimi. Lakini Bi Mwanajuma alikuwa amesimama mbele yake, amelikumbatia jiwe kifuani, anamngoja. Leodegar akanyoosha kidole.

"Hapa."

"Una hakika?" aliuliza Mwinjuma.

"Hapahapa."

Mama alichuchumaa, akachimba kwa panga, akalisimamisha jiwe na kulishindilia udongo kwa viganja. "Badru, baba, nilikuwa nimekupoteza," alisema. Akainua mikono akasoma Fatiha, machozi yakimtiririka, na uso wake ukawa umetulia kabisa.

Alipomaliza alimgeukia Leodegar, akamwambia kwa upole:

"Sogea kidogo, mwalimu. Hapo unamkanyaga miguu."

Leodegar akasogea.