Radiogramu ya Nyumba Isiyojengwa

Selpha aliingia duka la redio la Hassan na tepu ya kushonea shingoni. Asubuhi hiyo alikuwa amepima kila kitu chumbani kwao: kitanda, kabati la vyombo, meza ya cherehani iliyokaa dirishani, na nafasi iliyobaki. Iliyobaki ilikuwa futi mbili na inchi tatu. Hapo ndipo mume wake, Bethwel Okello, alipotaka muziki ukae.

Muziki wenyewe hakuukataa. Bethwel alikuwa fundi wa reli, kutwa anagonga vyuma. Akitaka kusikia kitu kitamu jioni, haki yake. Lakini chumba kilikuwa kimoja, cha kupanga, nyuma ya stesheni, na cherehani ile ndiyo iliyomsomesha binti yao, Adero. Selpha alishona sare za shule. Ukiitoa dirishani penye mwanga, umeua kazi.

"Karibu, mama," Hassan alisema. "Mzee nimemwonyesha hii." Akaipapasa stirio ndogo, ya kufungika kama sanduku la safari, na spika zake mbili kando. "Spika unatundika kwa ukuta, moja huku, moja kule, wewe unakaa katikati. Chumba kidogo kinataka sauti ipate pa kupitia. Ile kubwa ukiiingiza kwa kona itanguruma tu, hata mwimbaji hutajua ni mwanamume ama mwanamke."

"Sasa hapo umeongea."

Bethwel, aliyetangulia kufika, hakuwa anawasikia. Alikuwa amesimama mbele ya radiogramu, redio na gramafoni ndani ya kabati moja la mbao iliyong'arishwa, miguu minne, mfuniko juu, ndefu kama jeneza la mtu mzima. Selpha akaitandazia tepu. Futi tano kasoro inchi moja.

"Baba Adero, hii italala wapi? Ama sisi ndio tutalala juu yake?"

"Hii si ya pale. Ni ya shamba."

Selpha akaikunja tepu kwa hasira. Ya shamba! Shamba lilikuwa upande wa Cheptiret, la mzungu aliyeondoka punde tu baada ya Uhuru na malori matatu ya mali yake. Watu mia mbili wakaungana, Bethwel mmoja wao, wakalinunua. Mwaka wa sitini na sita wakaambiwa saveya, mpima ardhi, anakuja kuwakatia ploti. Sitini na nane, yuko njiani. Sasa ilikuwa sabini na nne. Njia gani hiyo? Mtu angetambaa kwa magoti kutoka Nairobi, apumzike Nakuru mwaka mzima, na bado angekuwa amefika! Selpha alizaliwa katika shamba kama lile, baba yake mpishi wa mzungu. Alikumbuka walivyopimiwa kibanda, wakapimiwa unga, wakapimiwa hadi kuni. Siku hizo vipimo havikuchelewa hata siku moja.

Na wenye hisa, badala ya kupiga kelele, walikuwa wananunua vitu vya nyumba ambazo hazijajengwa kwenye ploti ambazo hazijapimwa. Jemutai, mmoja wao, alilala juu ya madirisha sita ya vioo. Mwenyekiti wao, Walubengo, alinunua seti ya sofa, akaisimamisha ukutani, na watoto wake wakalala chini yake kama kuku chini ya ghala. Aliyenunua kitu cha kutosha chumba chake alihesabiwa amekata tamaa, na mkutanoni aliyekata tamaa hakusikilizwa.

"Huko shamba umeme uko?" Hassan aliuliza kwa upole.

"Utakuja."

"Na saveya?"

"Atakuja."

"Basi nikuwekee mpaka waje pamoja."

Selpha akacheka. Bethwel hakucheka.

"Nyinyi chekeni. Mkutano wa mwisho wa mwezi nataka kumuuliza Walubengo saveya ako wapi. Nikibeba hiyo sanduku ndogo, atasema, 'Okello amefunga safari, muacheni.' Watu watacheka, na swali langu limekufa."

"Kwa hivyo ndio wewe upate kuuliza, mimi nitoke dirishani?"

"Cherehani itakaa kwa veranda. Kidogo tu."

"Na mvua hii? Nishonee watoto wa watu sare zilizolowa?"

Hassan akajifanya anapanga betri.

Radiogramu ilikuja kwa mkokoteni. Mlango ukaikataa, ikalazwa ubavu, ikaingia imekwaruza rangi. Meza ya cherehani ikatolewa nje, na dude likakaa dirishani, maana mahali pengine halikuenea. Selpha akaifuata meza nje. Aliinua cherehani yake ya mkono, akairudisha ndani, akaiweka juu ya mfuniko wa radiogramu, akavuta kiti, akaendelea na kola aliyokuwa ameiacha nusu.

Jumapili baada ya kanisa, Walubengo akaja kuona. Aliambaa na ukuta, akapiga mbao kwa kidole.

"Okello, hiki ni kitu cha mwenye shamba! Hebu tusikie sahani moja ya muziki."

Bethwel akatoa sahani kwenye karatasi yake. "Mama Adero, toa hiyo cherehani kidogo."

Selpha akashika mpini wa cherehani, akauacha mkono hapo.

"Nitatoa. Kwanza mwenyekiti aniambie, saveya ako wapi?"

"Ah, mama! Hayo ni ya mkutano."

"Miaka minane ni ya mkutano. Mimi ndiye nimefinywa hapa. Niambie mimi."

Walubengo akamtazama Bethwel, kama mtu anayeomba mbwa afungwe. Bethwel akaigeuza sahani mkononi, kisha akasema polepole, "Mjibu, mwenyekiti."

"Yuko njiani, mama."

"Basi hata sahani iko njiani."

Akazungusha mpini. Sindano ikaanza kutafuna kitambaa, na radiogramu nzima ikatetemeka chini yake. Walubengo akachukua kofia yake, akapita ubavu mlangoni. Bethwel alibaki katikati ya chumba na sahani mkononi, akitafuta pa kukaa.