Saa Tatu za Angani

Fundi cherehani alikuwa amechoka mpaka uchovu wenyewe ulimchoka. Miaka minne alimtunza mama yake peke yake: kumwinua, kumwogesha, kumpikia uji, kisha kuupika upya kwa sababu wa kwanza ulikuwa mzito. Mchana alishona sare za watoto wa watu, na mara mbili alijishona kidole kwa usingizi. Mdogo wake, kitindamimba wa nyumba, alikuwa akiishi mji wa mbali pamoja na mkewe na watoto, na kila wiki alisema kwenye simu, "Dada, mlete Mama kwetu nawe upumzike." Kusema ni rahisi. Kikwazo kilikuwa Mama mwenyewe.

Mumewe alipofariki, Mama alikuwa safarini, akafika kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo aliapa: halali mahali ambapo akiitwa asubuhi hafiki nyumbani kabla ya jua kuzama. Na ukitaka kujadiliana na Mama, afadhali ubishane na ukuta. Ukuta angalau hausonyi.

Kitindamimba akatuma tiketi kwenye simu. Mama akavaa miwani, akaisoma kama alivyozoea kusoma tiketi za basi.

"Kuondoka saa tatu asubuhi. Kufika saa sita mchana." Akahesabu kwa vidole. "Saa tatu tu? Mbona mlinitisha! Saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Nakwenda."

Fundi akafungua mdomo. Alijua kwamba saa za kule ziko nyuma kwa saa tatu. Akimpigia mdogo wake wakati wa chakula cha mchana, humkuta ndiyo kwanza anapiga mswaki. Safari ile ilikuwa ya saa sita nzima, na ndege yenyewe huruka mara mbili tu kwa wiki. Neno moja, na Mama angevua miwani arudi kitandani.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Si mbali."

Wiki nzima alikunja na kukunjua nguo za Mama huku nafsi ikimsuta. Kila alipotaka kusema kweli, kiuno kilimkumbusha miaka minne ya kumwinua, akaendelea kukunja. Uwanjani mhudumu alimsukuma Mama kwenye kiti cha magurudumu, naye akapunga mkono kama bibi harusi. Fundi akarudi nyumbani, akajitupa kitandani. Usingizi aliouota miaka minne ukamkataa.

Simu ililia alasiri.

"Nimefika," Mama akasema, sauti imechakaa. "Saa ya ukutani hapa inasema mchana, mgongo wangu unasema jioni. Nimekula huko juu, nikalala, nikaamka, bado mawingu. Nimemuuliza mdogo wako, kanieleza. Wewe ulijua?"

Angeweza kumsukumia mdogo wake lawama. Hakuwa na nguvu hata za kudanganya.

"Nilijua, Mama. Nilichoka."

Mama hakusonya, na hilo ndilo lililomtisha. Alimsikia akivuta pumzi, na nyuma yake wajukuu wakigombea begi.

"Basi usinifie huko," Mama akasema. "Maana sitawahi."

"Sifi, Mama."

"Haya. Kalale."

Fundi akaiweka simu kifuani, akalia kwa sauti, maana hapakuwa tena na mtu ambaye kilio chake kingemwamsha.